Uji Usiomwagika: Mtoto Akitimiza Miezi Sita

Mwanangu wa kwanza alianza vizuri. Kila mwezi mstari wake wa uzito kwenye kadi ya kliniki ulipanda, na mimi nikatembea Mikindani yote, huku Mtwara, nikijisikia. Alipofika miezi minane mstari ukalala. Hakuwa na homa, hakuharisha, na uji nilimpa mara nne kwa siku. Muuguzi akauliza uji wenyewe uko wapi. Nilikuwa nao kwenye chupa ya chai. Akamimina kidogo kwenye kijiko, akakiinamisha, ukamwagika wote mara moja. Akasema, "Mama, huyu unamnywesha, hujamlisha."

Sasa ninaye wa pili, ana miezi saba, na kila chungu cha uji nakipima kwa kijiko kile kile.

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata maji hahitaji. Baada ya hapo anaendelea kunyonya, ikiwezekana mpaka miaka miwili au zaidi, lakini maziwa hayamtoshelezi tena. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaelekea kwisha, na tumbo lake bado dogo sana. Ukilijaza maji yaliyotiwa unga, atalala ameshiba na mwili wake una njaa.

Mimi napika hivi. Kikombe kimoja cha maji, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mahindi au mtama, vilivyojaa. Nakoroga unga kwa maji baridi kwanza, ndipo naweka motoni na kuuacha uive sawasawa. Ukiiva, nateka kijiko na kukiinamisha. Uji unatakiwa ung'ang'anie, kisha uanguke taratibu kwa kipande. Ukitiririka, narudisha motoni.

Halafu natia kitu. Uji wa unga mtupu, hasa wa makopa, yaani mihogo mikavu, tuliouzoea huku kwetu, karibu wote ni wanga. Dagaa wetu wa pwani wana chumvi, kwa hiyo nawaosha kwa maji ya moto mara mbili, natoa vichwa, nawaanika tena, natwanga na kuchekecha mpaka pasibaki mwiba. Kijiko cha chai kimoja kinatosha chungu chake. Juu yake tui la kwanza, lile zito, vijiko viwili. Chumvi siongezi, sukari sitii, na asali hapewi kabisa mpaka atimize mwaka.

Mama mkwe wangu ni wa Newala, na mwanzoni uji mzito aliuona utamkaba mtoto. Nilimweleza ya muuguzi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mtilie njugu mawe, mwanangu, mumeo kakulia hizo." Na ni kweli zinafaa: zichemshe mpaka zilainike kabisa, menya maganda, ponda. Mbaazi na kunde vivyo hivyo. Siku ukipata ini, lichemshe na kulisaga, maana kwa damu ya mtoto sijaona kinacholishinda. Papai au maji ya chungwa kwenye mlo huo huo husaidia mwili kuyachukua yale madini ya chuma ya mbaazi.

Korosho tunazo, tuzitumie, ila zilizokaangwa na kutwangwa zikawa laini kama siagi. Nzima zitampalia, na mafuta ya ganda bichi yanaunguza ngozi. Mara ya kwanza mpe kidogo sana, asubuhi, ili uwe na mchana wa kumwangalia. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Iliyoota ukungu tupa, hata kama ni ya mwisho ndani.

Wiki ya kwanza vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, na ziwa namtangulizia. Polepole anafika nusu kikombe, mara mbili au tatu, na tunda lililopondwa katikati. Chupa ya chai siitumii tena. Napika kidogo, akala akabakisha, nakula mimi. Mikono yangu na yake tunanawa kwa sabuni kila mara.

Kliniki usiikatize. Baada ya chanjo za wiki 14 wengi wetu tunapotea mpaka ile ya surua ya miezi tisa, na hapo katikati ndipo mstari unapolala bila mtu kuona. Miezi sita anapewa matone ya vitamini A na anaanza kupimwa mkono kwa utepe wa rangi unaoonyesha kama ana utapiamlo. Uliza umesoma rangi gani.

Mtazame pia anavyocheza. Umri huu anageuka, anakaa ukimwegemeza, ananyoosha mkono kushika kitu na kukipeleka mdomoni, anajibu kwa "ba ba". Wangu namkalisha kwenye beseni lililozungushiwa kanga, nampa kikombe cha plastiki na mwiko mdogo, namwita jina nikiwa nyuma yake nione kama atageuka. Ikiwa mtoto hafikii kitu, hatoi sauti, au mwili umelegea sana au kukakamaa, mpeleke akaonwe, usisubiri atimize mwaka.

Na msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, tafadhali usimbebe kwenda kwenye mikorosho. Mwache na bibi yake.

Siku nyingine atakataa. Juzi wangu alifumba mdomo, akageuza uso ukutani, kijiko kikabaki hewani. Zamani ningembana nikammiminia. Niliweka bakuli chini, nikampa kijiko kitupu akichezee, nikamnyonyesha baada ya muda, kisha nikampikia uji mwingine jioni. Akala vijiko saba.