Kupanga Ujenzi Nairobi: Ubora, Muda na Gharama

Kabla ya kumwita fundi, amua ni lipi kati ya ubora, muda na gharama ambalo halitaguswa, kisha uliandike kwenye mkataba, kwa kuwa anayeshikilia yote matatu kwa pamoja mara nyingi huishia kupunguziwa saruji bila kujua. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, na slabu huhitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau. Muda huo haununuliki kwa kuongeza vibarua. Pesa zikipungua, ahirisha vigae au rangi, lakini vyuma vya nguzo usiviguse kamwe. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hukwamisha malori ya mchanga kwenye udongo mweusi wa Embakasi, hivyo chimba msingi Januari.