Kujipenda kwa njia ya Thich Nhat Hanh: anza na pumzi, kisha hasira

Wengi wanaoniuliza namna ya kujipenda wameshachoka kujisifu mbele ya kioo. Asubuhi mtu anajiambia "mimi ni wa thamani", jioni anajisimanga kwa neno moja lililomponyoka kazini. Mimi huwaelekeza kwa Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha aliyezaliwa Vietnam mwaka 1926. Alipigania amani wakati wa vita, akaondoka nchini mwaka 1966 na kuzuiwa kurudi kwa miaka mingi. Mwaka 1982 alianzisha makao ya Plum Village nchini Ufaransa, na alifariki mwaka 2022. Namwamini kwa sababu alifundisha utulivu ilhali alikuwa na kila sababu ya kuishi na kinyongo. Huhitaji kubadili dini ili ufuate mazoezi yake.

Keti mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa, mikono mapajani. Vuta pumzi ukijua unavuta, itoe ukijua unaitoa. Usiirefushe kwa nguvu. Iache, itatulia yenyewe. Mawazo yakikimbilia deni au ugomvi wa jana, yarudishe bila kujigombeza. Usipapuuze hapo. Anayejirudisha kwa ukali kila mara anafanya mazoezi ya ukali, hata kama amekaa kimya saa nzima.

Plum Village kengele inapolia, watu husimamisha walichokuwa wakifanya, hata maongezi, wakarudi kwenye pumzi. Wewe tumia mlio wa simu: iache iite kidogo, pumua, ndipo upokee.

Kazi yenyewe iko kwenye hasira. Mwalimu huyu aliifananisha na mtoto mchanga anayelia, na wewe ndiye mama. Mama hambembelezi mtoto kwa kofi. Humbeba kwanza, ndipo aangalie kama ni njaa au homa. Kwa hiyo ukipandwa na hasira, nyamaza. Ujumbe ule usiujibu sasa. Itafute hasira mwilini: taya zimebana? Kifua kimejaa? Weka kiganja hapo hapo. Ukivuta pumzi, sema moyoni, "Najua nimekasirika." Ukiitoa, sema, "Nipo, sikuachi." Nani kakosa, hilo liache kwanza. Ukikaa hivyo kwa muda, mara nyingi utakuta chini ya hasira kuna kitu kingine, pengine hofu ya kuachwa au aibu ya siku nyingi. Hicho ndicho kilichokuwa kikikuita.

Pumzi ikishakuwa mazoea, jaribu zoezi ninalolipenda kuliko yote. Jione ukiwa mtoto wa miaka mitano. Kama una picha yako ya utotoni, iweke mbele yako: tazama macho yale, shingo nyembamba, namna ulivyosimama ukingoja kuambiwa umefanya vizuri. Vuta pumzi ukimwona mtoto huyo. Toa pumzi ukimtabasamia. Alikuwa mwepesi wa kuumia, na bado yumo ndani yako. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba umemwona. Machozi yakija, yaache yatoke. Lakini kama utotoni ulipitia ukatili, au kumbukumbu zinakuzidi nguvu, fumbua macho, kanyaga sakafu uisikie, na usiendelee peke yako; mtafute mshauri wa kisaikolojia akusindikize.

Siku ambazo kukaa hakuwezekani, tembea taratibu, kila hatua uilinganishe na pumzi. Inatosha kabisa.

Baadaye, mtu aliyekuumiza, tuseme baba yako, mwone naye akiwa na miaka mitano, mwepesi wa kuumia kama ulivyokuwa wewe. Usikimbilie hatua hii kwa sababu tu unaona unapaswa kusamehe. Kifua kikibana ukimfikiria, mwache kwa leo, urudi kwa yule mtoto wa kwanza, yaani wewe mwenyewe ukiwa na miaka mitano.