Namna ya Kuandaa Kipindi cha Sanaa na Muziki wa Nyumbani katika Redio ya Jamii, Mombasa

Msikilizaji wa Mombasa akifungua redio jioni huenda akasikia taarabu, chakacha au sengenya ya Wadigo, lakini mara nyingi haambiwi ni nani aliyetunga maneno, ni nani aliyepiga udi, wala wimbo ulirekodiwa wapi. Mwongozo huu umekusudiwa watayarishaji wa redio za jamii, ambao wengi wao ni vijana wanaojitolea, wanaotaka kuanzisha kipindi cha saa moja kwa wiki kuhusu sanaa za hapa. Msimamo wake ni kwamba kipindi cha namna hii husimama kwa majina kamili ya waliofanya kazi, na kila hatua, tangu kumtafuta msanii hadi kuhifadhi faili, ipangwe ili majina hayo yasipotee.

Kuwatafuta wasanii

Anza na walio karibu na kituo chenu. Mji wa Kale na Kibokoni wamo watu waliokulia katika vikundi vya taarabu. Likoni na sehemu za Kwale ndiko utakakosikia sengenya, na ukielekea Kisauni hadi Mtwapa utakutana na wapigaji wa mwanzele na kayamba, ngoma za Wamijikenda. Changamwe kuna wachongaji wa Kikamba ambao ushirika wao umekuwapo kwa miongo mingi, na waigizaji hukutana katika ukumbi wa Little Theatre Club. Wasisahauliwe vijana wanaofoka na kuimba kwa Kiswahili cha mitaani Majengo na Bamburi, maana kipindi kinachowaalika wazee peke yao huwafanya wasikilizaji waamini kwamba sanaa ya Pwani imekwisha.

Ziara ya kwanza iende bila rekoda. Nenda na mtu anayefahamika katika nyumba ile, amkia kama inavyostahili, na ueleze kituo chenu ni kipi na sauti itatumiwaje. Habari ya nauli na shukrani isemwe siku hiyo hiyo. Redio ya jamii haiendeshwi kwa kutafuta faida na aghalabu haina fedha za kuwalipa wasanii inavyofaa, na ni heri mtu alijue hilo kabla hajaimba kuliko kulijua baadaye. Uliza pia ni ngoma zipi zisizofaa kutangazwa. Zipo za matanga na za uganga ambazo wenyewe hawapendi zipigwe nje ya mahali pake, na jibu lao likiwa hapana, lichukuliwe kuwa hapana.

Kurekodi

Hapa ndipo pa kuweka juhudi nyingi zaidi, kwa sababu kosa la uandishi husahihishika kesho, ilhali sauti iliyoharibika haitengenezeki. Rekodi kwa faili za WAV, biti 24 na kilohezi 48. Saa moja ya stirio huchukua takriban gigabaiti 1, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha kwa kazi ya siku nzima. Faili za MP3 zitumike kurushia matangazo au kutumiana kwa simu, wala zisiwe nakala ya kuhifadhiwa. Kiwango cha sauti kipimwe kwa kumwomba mpiga ngoma apige pigo lake la nguvu kuliko yote, kisha urekebishe hadi pigo hilo libaki kama desibeli 12 chini ya kikomo. Ukipima wakati watu wanazungumza tu, utapata sauti iliyopasuka pindi nyimbo zitakapochangamka.

Nyumba za Mombasa zina joto na feni huzunguka mchana kutwa. Omba feni izimwe wimbo unapoanza na iwashwe unapokwisha, na umweleze mwenye nyumba sababu, kwa kuwa mvumo wa feni hauondoki katika rekodi bila kuichukua na sehemu ya sauti ya udi. Ukirekodi nje, hasa karibu na bahari, maikrofoni ivishwe kizuia upepo cha manyoya. Sifongo ya kawaida haitoshi kuuzuia upepo wa kusi. Vifaa visikae garini, na mkoba wake uwe na vipakiti vya kufyonza unyevu, kwani hewa ya chumvi hula viungio vya nyaya upesi.

Kikundi cha taarabu kikikaa chumbani, mwimbaji na mpiga udi wakae mbele, kama mita moja kutoka kwenye rekoda, huku tabla na dumbaki zikirudishwa nyuma. Ukiwa na maikrofoni ya pili, uielekeze kwenye udi kutoka umbali wa kama sentimita 40, pale shingo inapokutana na tumbo lake. Taishokoto, ambayo vikundi vya Mombasa vimeitumia kwa miaka mingi, ina vitufe vinavyogongagonga vinapobonyezwa, hivyo maikrofoni iliyosogezwa mno hunasa milio ya vitufe kuliko ya nyuzi. Kwa upande wa sengenya, nzumari ina sauti kali inayofunika kila kitu. Mwache mpigaji wake asimame kando, kisha usogeze rekoda upande wa ngoma na upatu mpaka masikio yako, kupitia hedifoni, yasikie vyote.

Kabla ya wimbo wa kwanza, mwombe kila mmoja ataje kwa sauti yake jina lake kamili, chombo anachopiga na kikundi chake. Desturi hii ndogo ina faida kubwa. Mtangazaji asiyezoea majina ya Kimijikenda yenye "dz" na "ts" atamsikia mwenyewe akilitaja, na miaka mingi baadaye faili yenyewe itaeleza ni nani waliokuwamo hata karatasi zikipotea. Halafu rekodi dakika moja ya ukimya wa chumba, itakayokusaidia kuunganisha vipande wakati wa kuhariri. Mpiga udi akikaza nyuzi zake baina ya nyimbo mbili, usizime rekoda; dakika hizo ni sehemu ya muziki, na msikilizaji mwenye sikio huzifurahia.

Mahojiano na ushairi

Katika taarabu ya Mombasa mwimbaji na mtunzi wa maneno mara nyingi ni watu wawili. Juma Bhalo, kwa mfano, aliimba mashairi mengi ya jamaa yake Ahmad Nassir, ambaye ni mshairi mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila wimbo liwe: "Maneno haya yametungwa na nani?" Swali la pili liwe la sauti, yaani lahani yake, kwa sababu huenda ikawa na mwenyewe wa tatu.

Mwombe mshairi alighani au alisome shairi lote mara moja bila kukatizwa, ndipo mzungumze. Mtangazaji naye ajifunze bahari, yaani aina ya shairi, anayoitangaza. Shairi la kawaida lina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo una mizani (silabi) 16 iliyogawika nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Asiyelijua hilo hupumua mahali pasipofaa na kuuvunja ubeti. Lahaja ya Kimvita isisahihishwe hewani wala katika maandishi. Mshairi aliyesema "mato" hakukosea, na ukimwekea "macho" huenda ukaangusha kina alichokijenga kwa uangalifu.

Nyimbo nyingi ni mafumbo na baadhi zilitungwa kumjibu mtu. Maana iulizwe kwanza nje ya hewa. Mtayarishaji asimlazimishe mtunzi kufichua aliyelengwa, kwani watu hao, au watoto wao, bado wanaishi mitaa hiyo hiyo na wanasikiliza.

Kazi za mikono zinahitaji maandalizi tofauti. Mchongaji wa milango au msusi wa mikeka arekodiwe akiwa kazini, ili patasi isikike ikiingia kwenye mbao, naye aeleze anachofanya wakati anapokifanya. Mahojiano ya studioni kuhusu nakshi isiyoonekana huchosha haraka.

Haki za wenyewe

Rekodi zinazouzwa madukani zinahitaji leseni kabla ya kupigwa hewani. Haki zilizomo ni za aina tatu: ya watunzi, ambayo kwa miaka mingi ilisimamiwa na chama cha MCSK, ya wasanii waliotumbuiza, kupitia chama cha PRISK, na ya watayarishaji wa rekodi, kupitia chama cha KAMP. Vyama vya namna hii, vinavyokusanya mirabaha (malipo ya wenye haki), hupewa idhini kwa muda maalumu na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, hivyo iulizeni Bodi ni vipi vyenye idhini kwa mwaka husika kabla ya kulipa.

Ziko rekodi za zamani ambazo watu hudhani hazina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu ilipofanywa, lakini utungo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Santuri ya mwaka 1968 inaweza kuwa imetoka katika ulinzi ilhali maneno na lahani vingali ndani. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na kwa hesabu hiyo alivyotunga mwenyewe vinalindwa hadi mwisho wa 2064. Ndiyo maana jina la mtunzi lina uzito wa kisheria pamoja na ule wa heshima: asipojulikana, hakuna wa kulipwa.

Kwa nyimbo mnazorekodi wenyewe, tumieni fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kabla ya kutiwa saini, ikitaja kama ruhusa ni ya kutangaza tu au pia ya kuweka intaneti. Ngoma za jadi zina sheria yake ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka idhini ya jamii yenyewe; saini ya mchezaji mmoja haitoshi, basi waoneni wazee.

Kanda za nyumbani

Katika makabati ya nyumba nyingi za Mombasa zimo kanda za harusi na za vikundi ambavyo havipo tena. Unyevu umeziharibu baadhi na zinaendelea kuharibika. Kanda isichezwe kwanza ili "kuonja" kama ni nzima. Ikague kwa macho kama ina ukungu, safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe taratibu, kisha uirekodi nzima kwa mchezo mmoja, kila upande na faili yake. Piga picha ya karatasi ya ndani na maandishi yote ya kalamu, hata yale yasiyosomeka vizuri, na mrudishie mwenyewe kanda yake pamoja na nakala ya faili.

Ratiba na kumbukumbu

Saa mbili usiku, baada ya Isha, hufaa kwa kipindi kipya, na marudio saa nne asubuhi huwafikia wengi walio nyumbani na wenye maduka. Nyimbo zisikatwe katikati kwa sababu ya urefu. Wimbo wa taarabu wa dakika kumi upewe dakika kumi, na nyimbo nne zilizoelezwa vizuri zinatosha kwa saa moja. Mwezi wa Ramadhani badilisheni maudhui yote, mkiweka kaswida, tenzi na mazungumzo na washairi, na ngoma zingoje Idi.

Baada ya matangazo, faili ipewe jina lenye tarehe, mahali na kikundi, ihifadhiwe katika diski mbili zinazokaa majengo tofauti, na ifuatane na karatasi yenye jina la wimbo, mtunzi wa maneno, mwenye lahani, mwimbaji, kila mpigaji na chombo chake, aliyerekodi, na masharti ya ruhusa. Nafasi isiyo na jibu iachwe wazi bila kubahatisha, na katika kipindi kinachofuata mtangazaji awaulize wasikilizaji. Huenda akapiga simu mtu aliyekuwapo siku wimbo ulipoimbwa.