Kabla ya kwenda Mafia, uliza upepo na maji

Wanaoniuliza kuhusu kisiwa cha Mafia karibu wote huanza na nauli. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: unakwenda mwezi gani, na siku hizo mwezi mwandamo utakuwa wa ngapi? Kule ratiba hupangwa na upepo na maji, na inauma kumwona mtu aliyejinyima mwaka mzima akifika wakati bahari haimpi alichokifuata.

Anza na upepo. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, husogea karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, wakifuata planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika ni rahisi kuwafikia kwa mashua. Ukiingia nao majini usiwaguse wala usiwazibie njia. Kasa ni kinyume chake: watoto wao huanguliwa kwenye fukwe za kisiwa cha Juani wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, takriban Juni hadi Septemba. Kwa hiyo chagua unachokitaka zaidi, maana safari moja ya wiki moja haikupi vyote viwili. Masika, Machi hadi Mei, ningekuomba uyaache yapite.

Kisha maji, na hapa ndipo wageni wengi wa bara hupotea. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na ulipoogelea asubuhi unaweza kukuta mchanga mtupu na akina mama wakiokota chaza. Katikati yake ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa kishindo. Saa ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo saa aliyokutajia rafiki aliyekwenda wiki iliyopita haikufai. Magofu ya Kua kule Juani, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, yafikie maji yakiwa yamejaa, la sivyo mashua hukwama na mtatembea kwenye tope la mikoko. Ongea na nahodha jioni ya kuamkia safari, na akisema mtoke alfajiri, tokeni alfajiri.

Kufika kwenyewe kuna njia mbili. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa, ila uzito wa mizigo hubanwa, basi uliza kabla ya kufunga begi. Njia ya bei nafuu ni basi kutoka Mbagala hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha boti hadi Kilindoni. Mimi niliwahi kupanga kurudi Jumapili ili Jumatatu niwe kazini. Bahari ikachafuka na nikalala Kilindoni siku mbili zaidi, pesa ikiwa imekwisha. Tangu hapo naacha siku moja tupu mwishoni, na nakuomba nawe uiache. Chomboni vaa jaketi okozi tangu mwanzo badala ya kulikalia. Ukiona watu wamezidi, shuka. Nauli utaipata tena.

Beba fedha taslimu za kutosha, kwa kuwa benki ipo Kilindoni na wageni wengi hulala Utende, upande wa pili wa kisiwa. Ukielekea Utende utalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, basi kitambulisho cha taifa kisibaki nyumbani.

Chandarua na dawa zako za kawaida usizisahau, pamoja na viatu vya kukanyagia mawe ya bahari, kwani miba huko ni mingi. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Mjini na vijijini, kanga au shati lenye mikono huonyesha kwamba unawaheshimu wenyeji, walio wengi Waislamu, na Ramadhani usile hadharani mchana. Kwenye kisiwa kidogo cha Chole utawaona popo wakubwa wamening'inia mitini. Waangalie kimya, usiwarushie kitu ili waruke upate picha. Na ukiuziwa kombe au gamba la kasa, hata kwa bei ya kuvutia, usinunue.