Ampu ya hedifoni ya kubeba mfukoni: anza na hedifoni, chipu baadaye

Watu wengi wakitaka kujitengenezea ampu ya hedifoni (kifaa cha kukuza sauti inayokwenda kwenye hedifoni) swali la kwanza ni "nitumie chipu gani", na hapo ndo wanapotea, maana chipu (ile saketi ndogo inayofanya kazi yenyewe ya kukuza) inakuja kama swali la tatu au la nne hivi. Kwanza tafuta karatasi ya vipimo vya hedifoni zako uangalie vitu viwili: zina ohm ngapi (upinzani wake), na zinatoa desibeli ngapi kwa miliwati moja. Hizo namba mbili ndo zinaamua betri, geini (sauti inakuzwa mara ngapi), chipu na hata ukubwa wa kasha.

Chukua hedifoni za ohm 32 zenye 100 dB kwa miliwati 1. Ukitaka zifike 110 dB kwenye vilele vya muziki (sauti kubwa sana hiyo, usikae nayo muda mrefu) unahitaji miliwati 10, yaani kama volti 0.57 tu, ila mkondo kwenye kilele unapanda mpaka miliampia 25. Sasa chukua za ohm 300 zenye 97 dB: hizo zinataka miliwati 20, ambayo ni karibu volti 2.5, kilele kama volti 3.5, halafu mkondo haufiki hata miliampia 12. Umeona? Za ohm ndogo zinakula mkondo, za ohm kubwa zinadai volti, na ampu ya betri haina vyote viwili kwa wingi, lazima uchague unamhudumia nani.

Tuje kwenye betri. Saketi maarufu ya CMoy, ile ambayo watu huifungia kwenye kopo la peremende, inatumia betri moja ya volti 9 iliyogawanywa katikati, kwa hiyo unapata volti 4.5 juu na 4.5 chini. Lakini chipu kama OPA2134 haifiki mwisho wa reli (zile volti za juu na za chini inazolishwa), inaacha volti moja na nusu hadi mbili kila upande, unabaki na kilele cha volti 2.5 au 3, na hiyo ni betri ikiwa mpya kabisa, ikishachoka kidogo inapungua zaidi. Kwa ohm 32 haikusumbui. Kwa zile za ohm 300 muziki unaanza kukatwa vichwa, yaani vilele vyake, pale pale unapoongeza sauti.

Dawa ni betri mbili za volti 9, na hapo unapata faida nyingine, ile sehemu zinapoungana inakuwa graundi (nukta ya sifuri ya saketi) ya kweli, huhitaji kuitengeneza. Gharama yake ni mfuko kuwa mzito, swichi inabidi ikate pande zote mbili kwa pamoja, na betri moja ikifa kabla ya mwenzake chipu inaegemea upande mmoja na kumwaga volti za DC (umeme uliotulia, si sauti) kwenye hedifoni. Ile O2, ampu nyingine maarufu ya kujitengenezea ya mwaka 2011, inatumia betri mbili namna hii na ndiyo maana ina saketi ya kuzima kila kitu betri zikishuka. Kuhusu lithiamu ya volti 3.7, ni nzuri kuchaji ila volti hazitoshi, utalazimika kuweka saketi ya kuzipandisha, na hizo zina kelele zake, bila kichujio kizuri utasikia miluzi. Kwa mtu anayejenga ampu ya kwanza mi naona bora uachane nayo.

Ukibaki na betri moja, graundi utaitengeneza mwenyewe: rezista mbili za kilo-ohm 4.7 na kapasita mbili za mikrofaradi 470, moja kila upande. Usibane kwenye hizo kapasita, maana mkondo wote wa hedifoni unarudi kupitia hapo na zikiwa ndogo besi inalegea. Alafu zingatia hili jamani: graundi hiyo SIYO hasi ya betri. Ukiilisha ampu umeme kutoka kwenye kifaa kile kile kinachotoa muziki, hasi ya umeme na graundi ya sauti zinakutana na nusu ya saketi yako inakuwa shoti. Pia mwili wa jeki (tundu la kuchomeka waya wa sauti) usiguse kopo la chuma kama hasi ya betri nayo imegusa kopo.

Geini ndo sehemu watu wanapenda kuzidisha. Simu inatoa kama volti 0.5 hadi 1, kwa hiyo hedifoni za ohm 32 hapo juu zinatosheka na geini ya 2, na za ohm 300 geini ya 5 inatosha. Ukiweka 11 kwa sababu umeiona mahali, unakuza na kelele pia, halafu poti ya volyumu (kile kitasa cha kuzungusha) unaishia kuitumia pale mwanzoni kabisa ambapo poti za bei rahisi pande za kushoto na kulia hazilingani. Geini ndogo inakufanya uzungushe poti mpaka katikati na kuendelea, huko ziko sawa. Tumia poti ya logi (inayopandisha sauti kwa namna sikio linavyoisikia) ya kilo-ohm 10.

Sasa chipu. OPA2134 inakula kama miliampia 8 ikiwa imekaa tu, inafanya kazi kuanzia volti 5 kwa jumla, na ingizo lake halivuti mkondo wa maana. NE5532 ni rahisi na safi sana ila inataka volti 10 kwenda juu, na ingizo lake linavuta kama nanoampia 200, ambayo kwenye rezista ya kilo-ohm 100 inazaa milivolti 20, zidisha kwa geini ya 5 uone unachopeleka kwenye hedifoni. Kama zako ni za ohm ndogo angalia NJM4556A, inasukuma mkondo mkubwa zaidi, takriban miliampia 70, kwa kula betri kidogo zaidi.

Kwenye kulehemu, kapasita ya nanofaradi 100 iwe karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu, waya za ingizo ziwe fupi na mbali na za kutokea. Ukimaliza usichomeke hedifoni kwanza. Washa, weka mita kwenye DC, pima kati ya graundi na kila upande wa jeki ya kutokea: chini ya milivolti 20 ni sawa, ikisoma volti nzima kuna kitu umeunga vibaya. Alafu gusa chipu. Ikiwa ya moto na hakuna muziki unaopita, inajitetemesha yenyewe kwa masafa usiyoyasikia, jaribu kusogeza ile kapasita karibu zaidi au weka rezista ya ohm 10 hadi 47 kwenye njia ya kutokea, ndani ya fidibeki (njia inayorudisha kinachotoka kwenye ingizo la chipu), isije ikaongeza ohm ambazo hedifoni zinaziona. Jaribio la kwanza la muziki fanya na hedifoni za bei rahisi.