Unataka feloshipu ya mishipa ya damu? Anzia hapahapa Tanga

Wadogo zangu madokta, kila wiki kuna mmoja ananidaka kwenye korido, kaka nifanyeje niende feloshipu ya vaskula, yaani mafunzo ya kubobea upasuaji wa mishipa ya damu, sasa naandika mara moja wote msome.

Njia yenyewe mnaijua. MD, shahada ya udaktari, miaka mitano, intani mwaka mmoja, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, afu uwe bingwa wa upasuaji kwanza, iwe kwa MMed, shahada ya uzamili ya chuo, au kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, mtihani wa MCS kisha wa ubingwa, FCS. Feloshipu inakuja juu ya hapo. Ukisoma mtandaoni usichanganyikiwe, Marekani wana njia mbili, miaka mitano ya upasuaji wa jumla ukaongeza miwili ya mishipa, au mitano ya moja kwa moja toka chuo, na Uingereza tangu 2013 mishipa ni fani inayojitegemea.

Kabla hujatuma barua hata moja, mfikirie mgonjwa utakayemrudia. Kwetu ni mzee wa sukari toka Makorora kidole cha mguu kishakuwa cheusi, ni kijana wa bodaboda goti limeteguka na mshipa wa nyuma ya goti umekatika, ni mtu wa kusafishwa damu anayehitaji fistula ya mkononi, yaani ateri iunganishwe na vena ili mashine ipate pa kuvutia damu (na hapo chagua maneno, mi niliwahi kumwambia bi mkubwa mmoja wa Pangani tunakuwekea fistula, akaruka, mwanangu mie nishaacha kuzaa siku nyingi!). Sasa msuli uliokosa damu ukimaliza kama masaa sita unaanza kufa moja kwa moja, na toka hapa mpaka Dar ni kilomita kama 350, piga hesabu mwenyewe, afu ongeza muda aliokaa zahanati wanamfunga banzi. Kwa hiyo feloshipu yako ikufundishe kufungua na kushona, kuvuta damu iliyoganda kwa katheta ya Fogarty, kile kimpira chembamba chenye puto nchani, kuunganisha mshipa wa mguuni upitishe damu pembeni ya palipoziba. Stenti, kile kibomba cha wavu cha kuuacha mshipa wazi, jifunze, nani kakataa, ila stenti inataka mashine za kathilabu, chumba cha kupitisha katheta mishipani kwa picha za eksirei, kama walizonazo JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ukijifunza hiyo tu utarudi huku uwe mtu wa kuandika rufaa.

Kwenye barua uliza maswali mawili bila aibu: nitapata leseni ya muda ya kugusa mgonjwa? Na felo aliyenitangulia alifanya kesi ngapi yeye akiwa ndo mpasuaji, siyo msaidizi? Wakizungukazunguka ujue ni feloshipu ya kuangalia tu. Mi nilienda moja ya hivyo nchi ya watu, miezi mitatu nachungulia nyuma ya mabega, ndo ile waja leo waondoka leo, nikarudi na cheti kizuri na mikono ileile.

Mikono unaianza hapa. Nenda buchani asubuhi na mapema, omba shingo ya mbuzi. Kisu cha kuchinja kimeshakata mishipa juu, ila kipande cha chini kuelekea kifuani kinabaki kizima, na muuza nyama atakuangalia vibaya akidhani unapeleka kwa mganga, we lipa tu uondoke. Muombe in-chaji wa thieta nyuzi za Prolene 6-0, zile nyembamba za kushonea mishipa, zilizopita muda wake. Kata mshipa, anza na nyuzi tatu za kushikilia, ukizivuta ule mduara unakuwa pembetatu na ukuta wa nyuma haunaswi, ujanja wa Alexis Carrel huo, kazi ya kuunganisha mishipa ndo ilimpa Nobel mwaka 1912. Sindano itoke ndani kwenda nje hasa upande damu inakoelekea, ukiichoma toka nje unaweza kubandua utando wa ndani na damu ikaziba palepale. Ukimaliza sukuma maji yenye rangi kwa bomba la sindano, uone panapovuja. Rudia mpaka uchoke, afu rudia tena.

Wodini tafuta dopla ndogo ya kushika mkononi, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita kwenye mshipa. Funga mkanda wa presha juu ya kifundo, jaza mpaka sauti ipotee, legeza taratibu, namba sauti inaporudi gawanya kwa presha ya mkono, pima yote miwili utumie iliyo kubwa zaidi. Chini ya 0.9 mguu una shida, ila ikizidi 1.4 usifurahi, mwenye sukari mishipa inakakamaa na namba inadanganya. Kila unachofanya kiingie kwenye logibuku, daftari lako la kesi, siku hiyohiyo, bila jina la mgonjwa, na mkubwa wako asaini akiwa bado anakumbuka. Barua za maprofesa omba kwa waliokuona thieta, wengine wataandika sifa za jumla tu.

Kibali cha mwajiri anza kukifuatilia hata kabla hujajibiwa, kinachelewa kuliko viza. Na kabla hujapanda basi kaa na mfamasia na mtu wa manunuzi uwaachie orodha: Fogarty namba 3 na 4, Prolene 5-0 na 6-0, klampu ndogo za mishipa, heparini ya kuzuia damu isigande. Wapigie kila baada ya miezi mitatu uwaulize imefika wapi.