Kuchunguza Kioo cha Bronzi cha Waetruski Kabla ya Kukinunua

Anza na hati, wala si uzuri wa michoro: dai ushahidi kwamba kioo hiki cha kujitazamia cha Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, kilitoka Italia kihalali, na kwamba historia ya umiliki wake inatangulia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni. Bila hati hizo kiache, kwa maana huenda kiliibwa kaburini, na kaburi lililoporwa halisimulii tena habari za waliozikwa humo.

Kisha kigeuze. Upande wa mbele ulisuguliwa ung'ae, ilhali nyuma zilichorwa sura za miungu kama Turan, mungu wa kike wa mapenzi, na mistari ya asili huwa imefunikwa au kujazwa na kutu ya kijani. Mstari unaoikata kutu hiyo huenda uliongezwa baadaye. Ukiona unga wa kijani hafifu unaopukutika, usikioshe. Kiweke pakavu na umwite mhifadhi wa vitu vya kale.